Kasha la santuri la Wete: shajara ya kuzisafisha, kuzisikiliza na kuzitia bei

Kasha hili lilikuwa la babu. Baada ya arubaini ya bibi, familia ilitaka chumba cha uani kisafishwe, na mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale akaja akatoa TSh 60,000 kwa kasha pamoja na vilivyomo. Nikaomba nipewe muda nijue kwanza ndani mna nini. Naandika kila hatua inapomalizika, ili mwenye kasha kama hili, na najua yapo Chake, Mkoani na Unguja, ajue pa kuanzia na ayaepuke makosa yangu kabla hajatajiwa bei ya furushi.

4 Januari 2025: Kulifungua

Kufuli ilikuwa imeliwa na kutu, tukaikata kwa msumeno wa chuma. Ndani, santuri zote zimelazwa bapa, moja juu ya nyengine. Mchwa wamepita upande mmoja wakala majalada ya karatasi, lakini sahani zenyewe hawakuzigusa. Kilichoziumiza ni ule mlalo. Sahani moja ya kizamani ya inchi 10 hupita gramu 200, na zikirundikana thelathini, ya chini kabisa hupasuka kimyakimya. Saba nimezikuta vipande.

Hesabu: santuri 71. Nzito za kizamani 38, ndogo za inchi 7 ziko 27, kubwa za inchi 12 ni sita.

Ami alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Akasema, "Yakhe, moja bibi yako alikuwa akifunikia mtungi wa maji." Nikaenda jikoni. Ipo mpaka leo, juu ya pipa, kibandiko cha katikati kimeoshwa na maji ya miaka mingi hadi hakuna herufi hata moja. Nimeiandika namba 72.

11 Januari: Kuzitambua

Watu wengi huziita zote santuri na kuzitendea namna moja, na makosa yote huanzia hapo. Zile nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika ni za shelaki, yaani utomvu wa wadudu wa India uliochanganywa na unga wa mawe. Ni ngumu, hazipindi, zikianguka zinavunjika kama sahani ya kulia. Zile nyepesi zinazopinda kidogo mkononi ni vinaili. Santuri kubwa ya vinaili ya mizunguko 33 ilitoka Marekani mwaka 1948 na ile ndogo ya mizunguko 45 mwaka 1949, ila huku kwetu shelaki iliendelea kuuzwa miaka mingi baada ya hapo.

Katika shelaki, zaidi ya nusu ni nyimbo za filamu za Kihindi, chache ni za Misri, na kumi na moja tu ni za Kiswahili. Hizo kumi na moja ndizo zilizonikosesha usingizi. Moja ina mbwa anayesikiliza gramafoni, yaani HMV, na jina la Siti binti Saad linasomeka. Siti, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay na wenzake mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni hiyo. Kampuni za Odeon na Columbia nazo zikafuata kurekodi Kiswahili, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja kampuni ya Jambo ya Nairobi. Zote nne zimo kashani. Katika zile ndogo, tisa ni za kampuni ya Mzuri ya Mombasa, mna waimbaji wa taarabu Juma Bhalo na Zein l'Abdin, na zilizobaki ni za dansi zilizochapwa Nairobi.

Nimezigonga zote za shelaki. Unaitundika sahani kwenye kijiti chembamba kwa tundu la katikati, unaigonga ukingoni kwa ukucha, kama mnunuzi wa chungu afanyavyo sokoni. Ikilia, ni nzima. Ikitoa sauti butu, ina ufa hata kama huuoni. Ya Siti imetoa sauti butu. Ufa upo, mwembamba, umeingia ndani kama sentimita mbili. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu.

19 Januari: Kosa la spiriti

Hili naliandika kwa urefu kwa sababu halirekebishiki.

Nilikuwa nimesoma kwamba santuri husafishwa kwa spiriti iliyochanganywa na maji. Ni kweli, kwa vinaili. Nikachukua moja ya Columbia, ya Kiswahili, nikapitisha pamba yenye spiriti ya duka la dawa. Pamba ikawa nyeusi, nikafurahi kuona uchafu unatoka. Nikapitisha tena. Ilipokauka, mng'aro ulikuwa umeondoka, pamebaki mistari ya kijivu kama chaki. Ule haukuwa uchafu, ilikuwa santuri yenyewe. Shelaki huyeyuka kwenye spiriti. Maseremala wanalijua hilo kwa kuwa vanishi yao ya zamani hutengenezwa hivyo hivyo, nami nina jirani seremala ambaye sikumuuliza.

Basi liwe la kwanza kabisa: spiriti, manukato, au dawa yoyote ya kusafishia mikono isikaribie santuri ya 78.

2 Februari: Njia iliyofaa

Maji ya bomba ya kwetu yana chumvi na chokaa, yakikauka yanaacha weupe ndani ya michirizi, yaani vile vifereji vya duara anavyopita sindano. Nimetumia maji ya betri, yaani yale safi ya kujazia. Dukani useme "maji" na usome chupa, kwa sababu asidi ya betri inauzwa rafu hiyo hiyo katika chupa zinazofanana. Lita tano, tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na harufu, brashi laini ya nywele, na kitambaa cha kufutia miwani. Unasugua kwa kufuata mzunguko wa michirizi, usikate kati. Kibandiko kifunikwe, nimekata kifuniko cha kopo cha plastiki na kukibana kwa kidole. Suuza kwa maji ya betri yasiyo na sabuni, kausha kivulini, sahani ikisimama.

Nimesema kivulini kwa sababu. Siku ya pili niliacha ndogo moja ya Mzuri barazani, jua likahama, na kwa muda wa kusali Adhuhuri tu ilikuwa imejikunja kama papadi. Nimeibana kati ya vioo viwili, juu nimeweka matofali mawili, chumbani, siku tisa. Imenyooka kiasi cha kuchezeka, ila bado inapanda na kushuka.

Gharama mpaka hapa: maji na sabuni TSh 9,000, brashi na vitambaa TSh 12,000, vioo TSh 8,000.

22 Februari: Pleya na sindano

Gramafoni ya babu ipo, lakini sitaki kuitumia. Kichwa chake ni kizito na sindano ya chuma hukwangua kila inapopita. Hata zamani ilitakiwa ibadilishwe kila upande. Santuri nyingi za Pemba na Unguja zimemalizwa na sindano moja iliyotumika mwezi mzima. Dalili ni michirizi iliyogeuka kijivu.

Kaka yangu wa Muscat nilimwambia anitafutie pleya yoyote iliyotumika, yaani mashine ya umeme ya kuchezea santuri. Akanunua kwa riyali 45, kama TSh 300,000, na mgeni aliyekuja kufunga huku akatuletea. Neno "yoyote" ndilo lililoniponza: ina 33 na 45, haina 78. Na sindano yake ni ya vinaili. Mchirizi wa 78 ni mpana karibu mara tatu au nne ya ule wa vinaili, sindano nyembamba inazama chini kabisa na kusoma vumbi. Niliweka moja ya Kihindi nikasikia kama mvua juu ya mabati, na mwimbaji yuko mbali nyuma yake.

Sindano ya 78, yenye ncha ya sehemu tatu za elfu moja za inchi, inaingia kwenye kichwa kile kile. TSh 95,000 pamoja na kusafirishiwa. Tatizo la kasi nimelitatua bila kununua pleya nyengine: narekodi kwenye kompyuta kwa 45, halafu programu ya kuhariri sauti inaongeza kasi kwa asilimia 73.3. Kuna faida sikuitarajia. Kwa mwendo wa pole sindano hairuki ovyo kwenye sahani yenye ufa au iliyopinda.

9 Machi: "Umezikaza nyuzi"

Tumo ndani ya Ramadhani, kazi inafanyika baada ya tarawehe. Nilikwenda na kompyuta kwa mzee mmoja aliyepiga fidla miaka mingi, nikamchezea nyimbo nne za Jambo. Akasikiliza wa kwanza kimya. Kwenye wa pili akainua mkono.

"Mwanangu, huyu simjui."

Nikamsomea jina la mwimbaji kutoka kwenye kibandiko.

"Huyo namjua. Huyu uliyeniletea simjui. Umezikaza nyuzi. Udi haukazwi hivyo, zingekatika."

Nikarudi nyumbani kupima kasi ya pleya, maana ikienda haraka sauti hupanda kama nyuzi zilizokazwa. Kipimo chake ni duara la karatasi linalozungushwa juu ya pleya, lenye mistari iliyopangwa kwa hesabu: kwa mizunguko 45, mistari 133. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kasi ikiwa sawa mistari huonekana imesimama. Usiku wa kwanza sikuona kitu, ukungu wa kijivu tu, nikadhani nimechapa vibaya. Kumbe taa ya LED ya sebuleni haipepesi. Nikaihamishia pleya varandani kwenye tyubu ya kizamani, na mistari ikaonekana waziwazi ikikimbia mbele. Pleya ilikuwa inakwenda haraka. Chini yake kuna vitundu viwili vya skrubu za kasi. Nusu mzunguko wa bisibisi na mistari ikasimama.

Nimerekodi upya zote kumi na nane nilizokuwa nimemaliza. Mzee aliposikia tena alisema tu, "Ehe," akaanza kuimba pamoja naye.

Angalizo kwa anayerekodi taarabu za 78: upande mmoja hubeba kama dakika tatu. Wimbo mrefu umekatwa katikati na kuendelea upande wa pili. Hifadhi kila upande peke yake kwanza, ndipo uunganishe, kwani kiungo changu cha kwanza kilikula nusu ya kiitikio.

20 Aprili: Masika

Nilikuwa nimezivika zote mifuko ya nailoni ili vumbi lisiingie. Wiki ya tatu ya mvua nikakuta ukungu mweupe kwenye vibandiko kumi na sita. Nailoni inafungia unyevu ndani. Nikajaribu vifuko vya mchele kabatini, nikapata fukusi.

Sasa kila moja ina bahasha ya karatasi nyeupe isiyo na wino, niliyokata na kukunja mwenyewe kwenye duka la kuchapisha, TSh 300 kwa moja. Zinasimama wima kama vitabu, zimebanana kiasi cha kutoegemea upande, kwenye rafu ya ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua. Majalada ya zamani, hata yaliyoliwa na mchwa, sikuyatupa. Mengine yana muhuri wa duka la Mombasa lililouza, na mkusanyaji huulizia hilo.

18 Mei: Bei

Hapa ndipo nilipodanganyika zaidi. Mwezi Februari niliandika orodha ya bei kutoka Discogs, tovuti ya kuuzia na kununulia santuri, na nikamwambia ami kwamba zile sita kubwa peke yake zina thamani ya laki sita. Nilichonakili kilikuwa bei ambayo wauzaji *wanaomba*. Mtu anaweza kuomba dola mia kwa Jim Reeves, mwimbaji wa Marekani aliyemo kwenye hizo kubwa, na akae nayo mpaka uzee. Ukurasa huo huo unaonesha bei ya mwisho iliyolipwa kweli, na kwa Jim Reeves ni pesa ya soda chache, kwa sababu zilichapwa kwa wingi na zimejaa dunia nzima. Nimeziuza zote sita kwa mwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe, TSh 10,000 kila moja, azitundike ukutani.

Ukongwe hautoshi. Sahani za filamu za Kihindi nilizonazo zina miaka sabini na hazina mnunuzi, maana kiwanda cha Dum Dum karibu na Calcutta kilizitoa kwa maelfu. Santuri ndogo ya dansi ya miaka ya 1970 inapiganiwa na watu wa Ulaya na Japani. Zilichapwa chache, zikachezwa kwenye baa na masherehe hadi zikaisha, na iliyobaki safi ni adimu. Za taarabu ni adimu zaidi, ila wanunuzi wake ni wachache, na ni wajuzi: wanauliza namba ya sahani, wanauliza sauti, wanataka picha ya sahani chini ya taa ya ubavuni inayofichua kila mkwaruzo.

Kuna na mtego wa madaraja. Wakusanyaji hutumia herufi. M ni mpya haijaguswa, NM karibu na mpya, kisha VG+, VG, G, na P mwisho. G kwa Kiingereza ni "nzuri", nami nikaziandika ishirini na mbili hivyo kwa moyo safi. Kumbe kwa wenyewe G ni sahani iliyochakaa, inayochezeka kwa kelele tupu. Nilikuwa nikijishusha bei mwenyewe. Nimezipima upya moja moja kwa kuzisikiliza. Nane zimepanda kuwa VG, tatu VG+.

29 Juni: Kuuza, na hasara

Familia imekubaliana: za taarabu zenye nakala moja haziuzwi. Zinauzwa za dansi, na zile ambazo babu alikuwa nazo mbili.

Nimeuza ya dansi moja kwa yuro 40 na ya Jambo moja, iliyokuwa na pacha wake, kwa yuro 35, zote Ujerumani. Ya dansi imefika salama. Ya Jambo imefika vipande vinne. Niliifunga kwa sponji nene pande zote nikadhani imelala kitandani. Sponji inabonyea, na shelaki haihitaji kubonyezwa, inahitaji kutopinda. Nimerudisha yuro 35 na gharama ya posta. Zaidi ya pesa, sasa iliyobaki kwetu ndiyo pekee niijuayo, na nimeiondoa kwenye mauzo.

Nilikaa wiki nzima nikijaribu kwa sahani za Kihindi zenye nyufa, nikizidondosha kutoka ukingo wa baraza hadi sakafuni. Njia iliyostahimili mara sita mfululizo ni hii: sahani ndani ya bahasha, kati ya vipande vinne vya boksi gumu vilivyoizidi sentimita mbili kila upande, viwili juu na viwili chini, mistari ya boksi ikipishana kama msalaba. Vinafungwa kwa tepu mpaka viwe ubao mmoja. Ubao huo unaingia kwenye boksi kubwa zaidi lenye magazeti yaliyokunjwa kwa kukaza pande zote sita. Usiweke sahani mbili zikigusana.

10 Agosti: Hali ya sasa

Zilizorekodiwa: 58. Zilizouzwa: kubwa sita na za dansi tano. Mapato baada ya marejesho ni TSh 590,000. Gharama, pamoja na nauli za boti kwenda na kurudi Unguja mara mbili, zimefika TSh 640,000. Nyimbo sijaziweka mtandaoni. Waimbaji wana warithi, na nitauliza COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kwanza. Nakala za sauti nakusudia kuzipeleka Nyaraka za Taifa, Kilimani.

Ya Siti nimeirekodi mara moja tu. Ule ufa unagonga kila mzunguko, tap, tap, lakini sauti iko juu yake, kavu na karibu, kama mtu anayekuita dirishani. Mkusanyaji mmoja ameandika mara tatu akitaka kuinunua na ufa wake. Nimemshukuru.

24 Agosti: Namba 72

Ile ya mtungi niliiacha mwisho kwa kuwa haikuwa na jina, na isiyo na jina haina bei. Lakini katika duara laini baina ya michirizi na kibandiko, kiwandani huchorwa namba ya kurekodia. Nimeifuta chumvi kwa maji ya betri siku mbili, nikaitazama chini ya tochi iliyolazwa ubavu. Namba ipo. Inafuatana, kwa tarakimu moja tu, na sahani ya Odeon ya Kiswahili iliyomo kashani. Ni za kikao kimoja cha kurekodi.

Sindano inaruka sana. Nimepata sekunde arubaini. Nilimpelekea mzee wa fidla. Hakumtambua mwimbaji, ila ubeti aliutambua, na pale sindano iliporuka yeye aliendelea, mistari miwili mizima, kisha akanyamaza akaniambia mama yake ndiye aliyekuwa akiuimba akisuka ukili. Nimeiandika mistari hiyo kwenye bahasha ya namba 72 kwa penseli.

Nimeagiza sindano mbili nyengine, ya sehemu mbili na nusu na ya sehemu tatu na nusu za elfu moja za inchi. Hizo hukaa kwenye kimo tofauti cha mchirizi, na huenda zikagusa ukuta ambao sindano ya zamani haikuufikia. Zote mbili TSh 170,000. Zinatarajiwa kufika na boti ya mwisho wa Septemba.